Kichwa Juu ya Orodha: Historia Fupi ya Mpangilio wa Majina, kutoka Mlango wa Kamusi hadi Skrini ya Simu katika Fizi na Baraka

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza jambo dogo kwa umbo lakini zito kwa matokeo, nalo ni kichwa kinachowekwa juu ya kila fungu la orodha ndefu ili msomaji ajue amefika wapi na anachokitafuta kiko wapi. Katika kamusi kichwa hicho ni herufi. Katika daftari la zahanati ni tarehe, na katika orodha ya ugawaji ni jina la kijiji. Katika simu ya mkononi, ambamo orodha haina kurasa bali husogezwa juu na chini kwa kidole, kichwa ni ukanda mwembamba unaokaa juu ya majina hadi kichwa kinachofuata kije kuusukuma.

Watengenezaji wa programu hulihesabu jambo hili kuwa la ufundi mtupu. Sisi tunadai kwamba ni suala la lugha, tena lenye historia ndefu kuliko simu yenyewe. Hoja yetu ina sehemu tatu. Kwanza, tatizo linalomkabili leo mtu wa Baraka anayetafuta jina katika simu yake ni lile lile lililowakabili watunga kamusi za Kiswahili, yaani mwanzo wa neno hauonyeshi sikuzote kiini cha neno. Pili, katika teritwari ya Fizi, Kivu ya Kusini, orodha za watu zimekuwa na uzito usio wa kawaida tangu vita vya 1996, kwa hiyo kichwa kibaya huweza kumfanya mtu aonekane hayupo. Tatu, Kiswahili kinachosemwa huko kina hesabu yake ya siku na matamshi yake ya viambishi, mambo ambayo vichwa vilivyoandaliwa kwa Kiswahili cha pwani huyapita bila kuyaona.

2. Mlango, fasili na kichwa

Kabla ya kuendelea hapana budi kulitazama neno lenyewe. Wasomi wa Kiarabu waliotunga kamusi za kwanza walihitaji njia ya kuyagawa maelfu ya maneno katika mafungu. Al-Khalil bin Ahmad, katika karne ya 8, alizipanga sauti kwa mahali zinapotamkwa, akianza na zile za kooni. Ndiyo maana kamusi yake ikaitwa kwa jina la herufi ‘ayn. Al-Jawhari, katika karne ya 10, alichukua njia nyingine: aliyagawa maneno kwa herufi ya mwisho ya mzizi, na kila fungu kubwa akaliita bab, yaani mlango, ndani ya mlango akayagawa tena kwa herufi ya kwanza, na kila fungu dogo akaliita fasl. Hapa tayari tunaona vichwa vya ngazi mbili, kikubwa na kidogo, kama tunavyoviona leo katika programu nyingi.

Kiswahili kiliipokea dhana hiyo kwa njia yake. Neno mlango lilitumika kwa muda mrefu kwa maana ya sura ya kitabu, na wazee waliosoma tafsiri za zamani za Biblia hulikumbuka vema. Mfano huo wa lugha una maana kubwa. Mlango haupambi nyumba tu, bali ndipo mtu anapoingilia. Neno kichwa, ambalo limechukua nafasi hiyo, lina picha nyingine: kiungo cha juu kinachoongoza kiwiliwili. Siku hizi, katika tafsiri za programu za kompyuta, limeongezwa neno kijajuu kwa maandishi yanayojirudia juu ya kila ukurasa. Tunapendekeza istilahi hizi zisichanganywe. Kijajuu ni cha ukurasa. Kichwa cha sehemu ni cha fungu. Kile kinachobaki juu ya skrini wakati majina yake yakipita chini yake tutakiita kichwa kinachoganda, kwa kuwa huganda mahali pake mpaka fungu lake limalizike.

3. Orodha za maneno na tatizo la kiambishi

Kiswahili kilifika magharibi ya Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya biashara iliyopitia Ujiji. Burton na Speke walipofika upande wa Ubwari na Uvira mwaka 1858, walipita katika njia iliyokwisha kuzoewa na wafanyabiashara. Baada yao wakaja wamisionari na maofisa wa Dola Huru ya Kongo, na wote walihitaji orodha za maneno. Charles Lemaire alitoa msamiati wa matumizi, ambao toleo lake la pili lilichapishwa mwaka 1897, ukiziweka lugha saba pamoja: Kifaransa, Kiingereza, lugha aliyoiita ya Kizanzibari, Kifiote, Kibangi, Kimongo na Kibangala. Kifaransa ndicho kilichotangulia. Katika msamiati unaoanzia lugha ya Ulaya neno la Kiafrika halina mlango wake. Anayelitafuta hana budi kujua kwanza tafsiri yake katika lugha ya mtawala. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni katika Kongo, ameonyesha jinsi misamiati ya aina hii ilivyokuwa chombo cha amri kabla ya kuwa chombo cha elimu.

Kamusi zilizoanzia Kiswahili zilikutana na tatizo la aina nyingine. Steere mwaka 1870, Krapf mwaka 1882 na Madan mwaka 1903 walikuwa wakishughulikia lugha ambayo nomino zake huanza kwa viambishi vya ngeli. Ukifuata herufi ya kwanza tu, M itafura kwa mtu, mti, mwalimu na msomaji, na K itafura kwa kitu, kiti na kisomo, ilhali herufi nyingine zitabaki na kurasa chache. La kusikitisha zaidi ni kwamba jamaa wa ukoo mmoja hutawanyika: soma yuko chini ya S, msomaji chini ya M, kisomo chini ya K na usomaji chini ya U.

Frederick Johnson, ambaye kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitolewa mwaka 1939 baada ya kifo chake, aliyakusanya mengi ya maneno ya namna hiyo chini ya kitenzi yalikotoka. Kwa mwanaisimu jambo hilo lilikuwa zuri. Kwa mwanafunzi asiyejua mzizi lilikuwa mtihani, maana alipaswa kuijua sarufi kabla ya kulipata neno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981 ilichagua kumrahisishia msomaji wa kawaida: msomaji yuko chini ya M, soma yuko chini ya S. Hakuna kati ya njia hizi mbili iliyo sahihi peke yake. Moja humtumikia ajuaye asili ya neno, nyingine humtumikia ajuaye sura yake tu. Mtunzi wa orodha lazima aamue anamtumikia nani.

Msomaji atakumbuka pia kwamba Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi ya usanifishaji mwaka 1930, ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kiswahili cha huko kiliendelea na vitabu vyake, kama vile mwongozo wa Kingwana uliotolewa na misheni ya Whitehead huko Wayika mwaka 1928. Hivyo basi, Fizi ina Kiswahili ambacho kwa muda mrefu hakikuongozwa na kamusi moja, nacho huishi bega kwa bega na Kibembe, lugha ambayo Guthrie aliipa namba D.54.

4. Orodha za watu

Ikiwa kosa la kamusi humchelewesha mwanafunzi, kosa la orodha ya watu humgusa mtu mwenyewe. Utawala wa Kibelgiji, hasa baada ya dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933, uliwagawa wenyeji katika chifu na sekta. Wabembe hawakuwa na ufalme mmoja mkubwa, na mpaka leo Fizi ina sekta nne: Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika. Chini ya sekta kuna grupema, na chini ya grupema kuna kijiji. Mpangilio huo ndio uliokuwa vichwa vya madaftari ya sensa na ya kodi, na mtu aliingia katika maandishi kwa kupitia mahali kabla ya kupitia jina lake.

Katika historia ya Fizi ipo pia orodha moja ya ajabu isiyo na kichwa cha mahali wala cha herufi. Wakubwa wa kikosi cha Wakuba waliovuka ziwa kutoka Kigoma na kufika Kibamba mwezi Aprili 1965 walipewa majina ya namba za Kiswahili. Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Che Guevara, aliyekuwa mkuu wao, aliitwa Tatu. Utaratibu huo ulisaidia kumficha mkuu, kwa kuwa anayesoma orodha hudhani wa kwanza ndiye mkubwa. Fundisho lake kwetu ni dogo lakini la kudumu: mpangilio wa orodha husema jambo hata pale usipoandikiwa kichwa chochote.

Orodha zilizobadilisha maisha ya watu wa Fizi ni za miaka ya karibuni zaidi. Vita vilipozuka mwaka 1996 maelfu kwa maelfu walivuka ziwa kwenda Tanzania. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, na ya Lugufu mwaka 1997. Huko chakula, matibabu na hata haki ya kuitwa mkimbizi vilitegemea kuwamo katika orodha. Mwezi Oktoba 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kuwarudisha kwa hiari wale waliotaka kurudi, kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Tangu 2015 Fizi yenyewe imekuwa mwenyeji, kwa kuwapokea wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lusenda. Kwa hiyo pande zote mbili za ziwa kuna watu wazima waliokulia katika utamaduni wa kusimama mbele ya karatasi iliyobandikwa na kutafuta jina.

Ama kuhusu vichwa vya mahali, navyo si vya kuchezea. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 chama cha RCD kilitangaza teritwari ya Minembwe katika nyanda za juu, hatua ambayo haikudumu. Mwezi Septemba 2020 Minembwe ikazinduliwa kuwa komyuni, na mwezi Oktoba Rais Félix Tshisekedi akaisimamisha hatua hiyo kutokana na ubishi mkali. Makala haya hayana nia ya kuamua ubishi huo. Tunachosema ni kwamba mtengenezaji wa programu anayeliandika jina hilo kama kichwa kilicho sawa na Fizi, au kama fungu dogo chini ya Fizi, amekwisha kusema jambo ambalo pengine hakukusudia kulisema. Katika orodha, kuwa chini ya kitu ni kuwa mali yake.

5. Kichwa katika skrini ya simu

Simu za kwanza zilizoenea Kongo mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na skrini ndogo zilizoonyesha majina machache kwa wakati mmoja. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, orodha yake ya majina ilikuwa na vichwa vya herufi vinavyoganda juu, pamoja na safu nyembamba ya A hadi Z pembeni mwa skrini. Simu za Android zilianza kuuzwa mwaka 2008. Mwaka 2014 zikapata RecyclerView, chombo cha kuonyesha orodha ndefu. Baadaye vikaja vyombo vilivyorahisisha kazi ya kuandika vichwa: Flutter toleo la kwanza mwaka 2018, SwiftUI mwaka 2019, na Jetpack Compose toleo la kwanza mwaka 2021.

Kazi yenyewe inaeleweka hata na asiyekuwa fundi. Kwanza majina hupangwa. Kisha programu huyapitia moja baada ya jingine, na kwa kila jina hujiuliza: je, fungu la jina hili ni lile lile la jina lililotangulia? Likiwa tofauti, hupenyeza kichwa kabla ya jina hilo. Mwisho wake ni safu moja ndefu yenye vitu vya aina mbili, vichwa na majina, ambavyo huchorwa kwa sura tofauti.

Makosa ya kawaida hutokana na hatua hizo hizo. La kwanza ni kupenyeza vichwa kabla ya kupanga: herufi M hutokea mara tatu au nne katika orodha moja, na anayetafuta hukata tamaa baada ya M ya kwanza. La pili ni la hesabu. Mtumiaji akigusa mstari wa kumi, na programu ikasahau kwamba mistari miwili kati ya hiyo ni vichwa, atafunguliwa habari za mtu mwingine. Katika orodha ya nyimbo kosa hilo ni la kuchekesha, lakini katika orodha ya wagonjwa ni hatari. La tatu hutokana na uchumi wa kumbukumbu: simu haichori mistari elfu moja, bali huchora michache inayotosha skrini na kuitumia tena kadiri kidole kinavyosogea. Mstari uliokuwa na kichwa usipofutwa vema, kichwa cha fungu lililopita huonekana juu ya majina yasiyo yake. La nne husahauliwa zaidi: kichwa lazima kitambulishwe kwa programu ya kusomea wasioona kuwa ni kichwa, si kukoleza wino tu. Asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa sikio, kama sisi turukavyo kwa jicho.

6. Herufi M, herufi P na alama ya ritifaa

Sasa turudi Baraka. Watu wa Fizi, kama wengi wa mashariki ya Kongo, hawawaandiki wakubwa wao kwa majina matupu katika simu. Huandika Mama na jina la mtoto wake, Papa na jina la mtoto wake, Mwalimu, Mchungaji, Mzee, Padri, Pasta, Dokta, Dada, Yaya. Hiyo ni adabu, na mara nyingi ndilo jina pekee la mtu huyo linalojulikana na mwenye simu. Matokeo yake ni kwamba orodha inayofuata herufi ya kwanza huwa na milima miwili, M na P, na mabonde matupu katikati. Kichwa chenye majina mia mbili chini yake hakimsaidii mtu.

Mwanaisimu atalitambua tatizo hili mara moja. Mama na Papa katika simu hufanya kazi ile ile inayofanywa na m- na ki- katika kamusi: hutangulia kiini na kukiweka katika kundi. Na suluhisho ni mawili yale yale tuliyoyaona. Programu inaweza kufuata njia ya Johnson, ikaruka cheo na kumweka Mama Riziki chini ya R. Au ikafuata njia ya 1981, ikamwacha chini ya M lakini ikakigawa kichwa hicho kwa ngazi ya pili: Mama, kisha Mchungaji, kisha Mwalimu, kisha Mzee. Tunaipendelea njia ya pili, kwa sababu haimtaki mtu alivue jina heshima yake ili alipate. Ni ule mpango wa bab na fasl, mlango mkubwa na mdogo ndani yake.

Matamshi nayo huingilia. Kiswahili cha Kongo hupenda mu- mahali ambapo Kiswahili sanifu kina m- yenye kusimama peke yake: mutu, mutoto, muzee. Mtu yule yule akiandikwa Mzee na mmoja, Muzee na mwingine, atakuwa mwishoni kabisa mwa fungu la M katika simu ya kwanza, na mbele zaidi katika simu ya pili. Orodha mbili zikiunganishwa, mtu mmoja huwa wawili.

Majina ya Kibembe huongeza jambo la nne. Mengi huandikwa kwa M yenye ritifaa, kama M'munga, jina ambalo wengine huliandika Mmunga au Munga. Kwa sikio ni jirani. Kwa mashine ni mbali. Programu zisizojali lugha hupanga herufi kwa namba zilizopewa katika mfumo wa Unicode. Ritifaa iliyonyooka ina namba 39, ambayo ni ndogo kuliko namba ya herufi yoyote ya alfabeti yetu. Ritifaa iliyopinda ina namba 8217, ambayo ni kubwa kuliko zote hizo. Basi M'munga mwenye ritifaa iliyonyooka atatangulia hata majina ya Ma-, na mwenye ritifaa iliyopinda atafuata baada ya Mz-. Mwandishi wa orodha hakuchagua hata moja kati ya hizo. Simu za iPhone tangu mwaka 2017 zimekuwa zikiipinda ritifaa zenyewe mtu anapoandika. Anayetafuta jina la baba yake mahali alipozoea kulikuta hataliona, na hatajua kwamba lipo chini, umbali wa vidole vitatu vya kusogeza.

Tena kuna suala la jina lipi litangulie. Sera ya uhalisi ya Mobutu, iliyopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, iliimarisha desturi ya jina na jina la baadaye. Jina la ubatizo lilirudi hadharani utawala wake ulipolegea. Leo Mkongo huandikwa kwa majina matatu, jina kwanza na la ubatizo mwisho. Programu nyingi zimejengwa kwa watu wenye jina la kwanza na la ukoo tu. Majina matatu yakisukumwa katika visanduku viwili, mtu mmoja huweza kuangukia chini ya vichwa vitatu tofauti kutegemea mwandishi.

7. Siku ya tatu si Jumatatu

Programu nyingi hazigawi kwa herufi bali kwa siku: ujumbe, malipo, miadi ya zahanati, safari za mashua. Hapa Kiswahili cha Fizi na cha Kigoma, vinavyokutana kila siku bandarini, vina hesabu mbili. Kiswahili cha pwani huhesabu kuanzia Jumamosi, kwa kuwa juma huanza baada ya Ijumaa. Katika Kongo mashariki husikika pia hesabu inayoanza na siku ya kazi: siku ya kwanza ni Jumatatu, siku ya pili ni Jumanne, siku ya tatu ni Jumatano, na Jumamosi huitwa siku ya posho.

Ukilinganisha utaona utaratibu kamili. Namba tatu kwa mmoja ni Jumatatu, kwa mwingine Jumatano. Namba tano kwa mmoja ni Jumatano, kwa mwingine Ijumaa. Tofauti ni ya siku mbili sikuzote, na siku mbili zinatosha mama mwenye mtoto wa chanjo kufika akute mlango umefungwa.

Hazina ya data za lugha inayotunzwa na Unicode, ambayo simu hutumia kuandikia tarehe, iliwahi kukiwekea Kiswahili cha Kongo msimbo wake, swc, na kukiandikia siku na miezi kwa desturi hiyo: siku ya kwanza, mwezi ya kwanza. Baadaye kikaingizwa katika msimbo wa jumla wa Kiswahili, kama tawi la nchi. Kuingizwa huko kuna faida ya umoja. Lakini tawi lisipotunzwa na watu wanaolisema, hubaki jina tu.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kichwa cha sehemu ni mlango, na kwamba anayeujenga huamua nani ataingia bila kugonga. Al-Jawhari alilijua hilo. Johnson na watunzi wa 1981 walilijibu kwa njia mbili tofauti. Mtengenezaji wa programu kwa ajili ya zahanati, shule au ushirika wa wavuvi wa Baraka amekalia kiti chao, hata kama hajui.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, orodha za majina zipangwe kwa kanuni za lugha, si kwa namba za herufi. Ritifaa za aina zote zihesabiwe kuwa moja, na utafutaji uruhusu m- na mu- kukutana. Pili, cheo cha heshima kiwe kichwa cha ngazi ya pili, kisifutwe. Tatu, kila kichwa cha siku kiandikwe pamoja na tarehe kwa tarakimu, kwa kuwa 12 ni 12 pande zote za ziwa. Nne, kabla ya kutumia jina la mahali kama kichwa, wenyeji waulizwe mahali hapo huitwaje na pako chini ya nini.

Vyuo vyetu vya mashariki vina wanafunzi wengi wa isimu wanaotafuta mada za kazi zao za mwisho. Ukusanyaji wa majina ya Kibembe na namna zake mbalimbali za kuandikwa ni kazi inayoweza kufanywa na mtu mmoja mwenye daftari, na mafundi wa programu hawawezi kuifanya badala yetu. Kazi hiyo ikifanywa, mtu wa Fizi ataliandika jina lake kama alivyolipewa, naye atalikuta mahali pake.